Kupaka Mdomo Usiouona

Nabwire, wewe na wenzako mliobaki katika kile chumba cha dawa, mliniomba niandike kabla sijasahau. Naandika. Shule niliishia darasa la nne, na Kiswahili nilikiokota sokoni, mpakani mwa Uganda na Kenya, kwa hiyo mkikuta neno limekaa vibaya lisukumeni kidogo mwendelee. Sitaki mnisifu. Kuna jambo nililifanya vibaya katika kazi hii, na juzi nimemwona mmoja wenu akimpa mchungaji kikopo cha dawa ya midomo bila kumwambia asogee kwanza kwenye jua. Alidhani ni adabu. Hata mimi nilidhani hivyo.

Habari za cheo hamtazikuta hapa. Kwetu kulikuwa na vyeo viwili tu, anayekoroga na anayeosha vikopo, na mara nyingi alikuwa mtu mmoja.

Nilianza na midomo yangu mwenyewe. Nilikuwa nimetoka kwetu Nabuyoga nikaolewa Dabani, nauza simsim na mafuta ya shea ambayo wanawake wa Teso walituletea. Kiangazi kile pembe za mdomo wangu zilipasuka zote mbili. Nikicheka damu, nikipiga miayo damu. Kucheka nilikuwa naweza kuacha, mnanijua, lakini miayo haimwombi mtu ruhusa. Wakaniambia niende kwa Mama Taaka.

Mama Taaka alikuwa mwanamke Msamia, mrefu, ambaye kwa miaka mingi alifagia zahanati na kuchemsha vyombo vya manesi. Alipoacha zahanati alibaki na tabia ya kuchemsha kila kitu. Nilimkuta jikoni kwake, nikaanza kumsalimia vizuri.

"Toka nje," akasema.

"Nimekukosea nini, mama?"

"Nenda kwenye jua. Humu jikoni midomo yote ni myeusi."

Akanishika kidevu, akanigeuza kulia na kushoto kama mtu anayenunua mbuzi. "Unalamba?"

"Silambi."

"Umelamba sasa hivi."

Ni kweli, nilikuwa nimelamba. Akanipa kikopo kidogo na kijiti, akaniambia nisichovye kidole, nisilambe, na nikiamka nioshe kwa maji ya chumvi kidogo yaliyochemshwa. Siku nane baadaye nilipiga miayo salama. Nikampelekea shea ya kumshukuru. Akainusa, akasema, "Shea yako imevutishwa moshi. Kesho uje uoshe vikopo."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Hakuna aliyeniuliza kama nataka.

Siku ya kwanza niliosha vikopo hadi vidole vikakunjamana, kisha nikavifuta kwa leso yangu ili niende nyumbani mapema. Mama Taaka alivirudisha vyote ndani ya sufuria. "Hiyo leso asubuhi imefuta pua ya nani?" Ilikuwa imefuta pua ya Nafula, binti yangu. Tangu hapo vikopo tunavifudikiza juani kwenye kitambaa kilichochemshwa, vinakauka vyenyewe. Ninyi mnaona ni usumbufu. Sawa. Sumbukeni.

Vyombo vyetu vilikuwa sufuria mbili, kubwa ya maji na ndogo ya kukaa ndani yake, mwiko, kitambaa cha kuchujia na kijiko kimoja cha bati. Mafuta hayaguswi na moto moja kwa moja. Yanapashwa na maji. Majani ya mwarobaini na ya kishonanguo tunayakausha kivulini mpaka yavunjike mkononi, ndipo yanakaa katika mafuta ya simsim yenye joto nusu siku. Tunachuja, tunaongeza shea, mwisho nta ya nyuki. Ukitaka kujua kama nta imetosha, dondosha tone kwenye kile kijiko kilichopoa. Likikaa laini kama ute ongeza, likikatika kama mshumaa umezidisha. Wakati wa jua kali ongeza kidogo, la sivyo mteja wa sokoni atarudi na kikopo cha supu.

Kosa langu kubwa la mwaka wa kwanza lilikuwa shubiri. Niliikata mbichi nikaikamulia ndani ya mafuta, nikijiona mjuzi. Baada ya wiki mbili vikopo vyote vilikuwa vimeota ukungu wa kijani. Maji na mafuta hayakai pamoja, na pale yanapoachana uchafu unajenga nyumba. Kosa la pili lilikuwa manjano. Inasaidia mdomo uliovimba, sikatai, lakini niliweka kwa mkono mkubwa, na Jumapili ile nusu ya kwaya ya Dabani iliimba na midomo ya njano kama vifaranga. Mama Taaka alikuwa kanisani. Alinitazama tu kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho.

Sheria yake ilikuwa moja na haikuwa na mlango wa nyuma: mdomo kwanza, kikopo baadaye. Mtu aje juani umwone. Halafu umuulize: kimeanza lini, unapaka nini na unakula nini, na je, kidonda kiliwahi kutokea hapo hapo zamani? Mtu asiyetaka kutazamwa arudi na mdomo wake. Mtoto ambaye hajamaliza mwaka, chochote chenye asali hapati, hata bibi yake akilia. Malengelenge ya homa tunayapoza tu, hatuyaponyi, na tumwambie mtu hivyo.

Sheria hiyo ilinipa ugomvi mwingi na ikanifundisha mengi zaidi. Mwanafunzi mmoja wa chuo cha Busitema alikuja na midomo imevimba, inachubuka, akaniita Kukhu, yaani bibi, kama mnavyoniita ninyi: "Kukhu, nataka ile inayong'aa."

"Ing'ae ya nini?"

"Ya... kung'aa tu, Kukhu."

Nilimpeleka juani. Wekundu ulikuwa umevuka mpaka wa mdomo kama rangi iliyomwagika. Nikamuuliza anapaka nini. Rangi ya mdomo. Ya nani? "Yetu. Tuko wanne chumbani, tunatumia moja."

"Na vidonda mnagawana pia?"

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Wote wanne walikuwa navyo. Nilimwambia rangi hiyo itupwe, kila mmoja awe na chake, ndipo nikampa vikopo vinne. Vya dawa isiyong'aa.

Mama Taaka alipozeeka aliniachia sufuria na ile sheria. Mara moja tu, wakati tunachuja, alinisimulia juu ya mzee mmoja aliyeletwa zahanati na kidonda cha mdomo ambacho hakikumuuma. Walikuwa wamekipaka kila aina ya kitu nyumbani mwaka mzima. "Kinachouma kina haraka ya kupona," alisema. "Kile kisichouma ndicho cha kuogopa." Yule mzee hawakuweza kumwokoa. Nikasikia, nikaweka nta, tukaendelea.

Sasa nafika kwa Okoth.

Okoth ni mume wa Nafula. Aliniolea binti akampeleka kwao Nabuyoga, kule kule nilikotoka mimi. Ni fundi wa kuezeka mabati, na ni fundi wa kweli. Nyumba alizoezeka hazivuji. Kama mafundi wengine, misumari anaibania mdomoni, upande wa kushoto, ili mikono ibaki huru. Na ukwe wetu mnaujua, kwa Wasamia na kwa Wajopadhola wa Nabuyoga ni ule ule. Mama mkwe na mkwe wake hawashikani mikono, hawaketi benchi moja, hawatazamani usoni. Okoth akiingia uani kwangu, mimi nakumbuka nina kazi kwa kuku. Miaka kumi na moja nilimjua kwa viatu vyake.

Siku moja Nafula alikuja kututembelea. "Mama, baba watoto ana kidonda cha mdomo. Hakitaki kupona."

"Kiko wapi?"

"Chini, kushoto. Pale pa misumari."

"Basi ni misumari. Kutu."

"Nikupigie picha kwa simu uone?"

"Uso wa mkwe ndani ya simu yangu? Wewe Nafula, una akili?"

Nikampa kikopo. Someni tena hapo. Mwanafunzi nilimpeleka juani, kwaya nzima niliitazama midomo, na mume wa mwanangu nilimtibu nikiwa nimekaa, kwa kusikia.

Baada ya mwezi akaja. "Kimepona, mama, halafu kikarudi." Nikakoroga kikali zaidi, nikaongeza mwarobaini na ile gundi ambayo nyuki wanazibia mzinga. Kikapona, kikarudi. Okoth akanitumia jogoo wa kunishukuru, nami nikamla, jogoo wa asante kwa kidonda ambacho bado kipo. Nikakoroga tena. Niliona dawa yangu ndiyo dhaifu, sikuwaza kitu kingine. Nafula akileta habari naongeza hiki, napunguza kile. Nilikuwa najisikia mjuzi sana.

Wewe Nabwire ulikuwa mgeni chumbani, bado unaunguza vidole. Ulikuwa unafunga vifuniko ukaniuliza, "Kukhu, huyu wa Nabuyoga, hiki ni kikopo cha sita. Mdomo wake ukoje?"

"Ni mkwe wangu."

"Sikuuliza ni nani wako, Kukhu. Nimeuliza mdomo ukoje."

Nilikufokea. Nilikwambia ukaoshe vikopo, na vilikuwa visafi. Ulienda ukaviosha. Mimi nikabaki na mwiko mkononi, na hapo ndipo maneno ya Mama Taaka juu ya yule mzee yakanirudia, pamoja na mahali penyewe: hapo hapo, kushoto, kila mara hapo hapo. Sheria ilikuwa na maswali matatu. La tatu Nafula alinijibu kwa mdomo wake mara tano, nami sikusikia, kwa sababu nilikuwa na heshima.

Asubuhi iliyofuata nilipanda pikipiki hadi Nabuyoga. Mama mkwe haendi tu kwa mkwe wake bila kualikwa. Nafula aliponiona langoni aliangusha ungo. "Mama! Nani amekufa?"

"Hakuna. Okoth yuko wapi?"

Alikuwa juu ya paa la jiko la jirani, misumari mdomoni. Aliponiona, mwanaume mzima, baba wa watoto watatu, akavuka upande wa pili wa paa akajificha kama paka. Nikaona kofia tu.

"Okoth, shuka."

"Mama, karibu nyumbani," kofia ikajibu. "Bado niko na misumari."

"Itoe mdomoni. Shuka."

Mama yake Okoth akatoka ndani, mama wa kuheshimiwa, mikono ina unga. Akaniuliza kwa upole ninataka nini na mwanawe. Nikamwambia: nataka kumshika kidevu nimtazame mdomo. Unga ukamwanguka.

"Mama Nafula, utatuletea laana hapa kwangu."

"Laana tutaisafisha. Tukimzika tutamsafisha na nini?"

Aliniangalia. Kisha akageukia paa akamwita mwanawe kwa jina lake la utotoni, na hapo Okoth akashuka.

Aliketi kwenye rundo la mbao, akavua kofia, akafumba macho. Kwa heshima alifumba, asinione nikimwona. Nikaomba maji na sabuni, nikanawa hadi viwiko, nikamshika kidevu, nikamgeuzia juani.

Haukuwa mpasuko. Kidonda kilikuwa kama punje ya mahindi kwa ukubwa, kando zimeinuka kama ukingo wa kifuniko, na nilipobonyeza kwa kitambaa, chini yake palikuwa pagumu. Kigaga hakikuwepo. Ndipo nikaelewa kazi niliyokuwa nafanya miezi ile. Dawa yangu inalainisha kigaga kinatoka, mdomo unaonekana msafi, nyumba nzima inasema kimepona. Nilikuwa nakisafishia njia.

"Kinauma?"

"Hakiumi, mama. Kiko tu."

"Hakiumi tangu lini?"

"Tangu mwanzo hakijawahi kuuma." Bado macho yamefumbwa. "Dawa yako ni nzuri, mama."

Sijawahi kusifiwa nikaumia hivyo.

"Kesho tunaenda hospitali, Tororo."

"Mama, nina nyumba ya watu mpaka Ijumaa."

"Kati yangu na wenye nyumba, nani mkali?"

Alifikiri kidogo. "Ni wewe, mama."

"Basi kesho."

Hospitalini daktari alikuwa kijana, umri wa mjukuu. Akauliza amekuwa akipaka nini. Nikatoa kikopo nikakiweka mbele yake, nikangoja anifokee, maana nilikuwa nimeshajifokea vya kutosha na nilitaka msaidizi. Akakifungua, akanusa. "Hiki hakijamletea ugonjwa, bibi. Lakini kimewafanya mtulie." Akamchoma ganzi, akakata kipande kidogo cha kwenda kupimwa, akasema tungoje majibu wiki tatu.

Wiki hizo tatu mnazikumbuka. Nilifunga chumba nikasema nta imekwisha. Nta ilikuwepo, imejaa karai. Sikuweza kumkorogea mtu. Nilikuwa nawaza watoto watatu wa Nafula, na Nafula mwenyewe katika nguo nyeusi, na watu wa Nabuyoga wakisema kwa ukweli kabisa kwamba mama yake ndiye aliyempaka hadi mwisho. Nafula alikuja mara moja. Nilingoja anilaumu. Akasema, "Mama, hata mimi nilikuwa nalala naye kitanda kimoja na sikuona." Hiyo ilikuwa rehema, lakini yeye si fundi wa midomo. Fundi ni mimi.

Siku ya majibu tulikaa kwenye benchi moja, Okoth huku, mimi kule, Nafula katikati kama ukuta. Daktari akasema ni ule ugonjwa mbaya. Nafula akashika goti langu. Daktari akaendelea: ni mdogo, uko juu juu, shingoni hajapapasa uvimbe wowote, na kwa sababu amekuja mapema wataukata wote. Mapema! Nilitaka kumwambia kuhusu vikopo sita.

Wakamkata, wakamshona. Kile kilichokatwa nacho kikaenda kupimwa, tukangoja tena. Karatasi ya pili iliporudi daktari aliisoma akisimama mlangoni: kando zote safi, hakuna kilichobaki. Nafula akamwomba asome tena. Akasoma. Akamwomba mara ya tatu, Okoth akasema kwa mdomo wake ulioshonwa, "Mama watoto, mwache mtu akanywe chai."

Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye nyasi, nikavua viatu. Sijui viatu vilihusika vipi, lakini nilivua. Pumzi niliyoivuta pale ilifika mahali ambapo haikuwa imefika tangu ile asubuhi ya jiko la jirani. Mwanamke mmoja akapita akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana mama, sijafiwa, ndiyo shida yangu, sijafiwa. Akaenda zake haraka.

Wazee wa pande zote mbili walikaa kusafisha lile jambo la mimi kumshika mkwe. Kuku alitoka kwangu, kuku akatoka kwao, maji yakanyunyizwa, ikaisha. Walipoondoka, mama yake Okoth alinivuta nyuma ya jiko, akatazama huku na huku, akaenda juani mwenyewe akainua uso. "Na mimi nitazame," akasema. Alikuwa analamba tu. Nilimwambia aache.

Hiyo ndiyo habari. Midomo mingi nimeitazama, na mingi ilikuwa kulamba, jua, dawa ya meno, rangi ya kuazima. Mtaponya mingi hiyo, na watu watawaletea jogoo. Lakini mtu unayemheshimu kuliko wote ndiye wa kupeleka juani kwanza, awe mchungaji, awe mkwe, awe mwalimu wako. Kwenye karatasi ya kikopo nimeacha yale maneno kwamba kidonda kisichopona katika wiki mbili, au kinachorudi pale pale, kiende hospitali. Mwenye duka wa upande wa Kenya anasema yanawatisha wateja. Yasifutwe. Mteja aliyetishika bado ni mteja.

Naacha kazi kwa sababu ya macho. Tangu mwaka jana wekundu na kahawia vinanichanganya, hata juani, na mtu asiyeuona mdomo asiupake. Nimewapa sufuria. Naondoka nikiwa mwepesi, sitawadanganya kwamba nina huzuni. Nimefanya kazi hii hadi mwisho na Okoth yuko hai.

Anakuja bado kumchukua Nafula akitutembelea. Misumari siku hizi iko mfukoni mwa aproni, na mdomo wake umevutwa kidogo upande, kama mtu aliyekumbuka kichekesho. Ukwe wetu umerudi kama zamani, yeye anasimama langoni, mimi naelekea kwa kuku. Ila kabla hajageuka huvua kofia, hufumba macho, akainua kidevu kwenye jua. Sioni vizuri tena kutoka kule. Wewe Nabwire ukiwa karibu ndiye unayemtazama, kisha unaniambia, "Ni safi, Kukhu." Nami namwagia kuku mtama.